Kumtunza Mzazi Dhaifu Nyumbani: Kugawana Kazi, Kuulinda Mwili Wake na Kumpumzisha Anayemhudumia

Hapa Tanzania, mzazi anayefikia uzee wa kutojiweza hutunzwa nyumbani, na kwa familia nyingi hakuna njia nyingine. Makazi ya wazee yanayoendeshwa na Serikali, kama yale ya Nunge kule Kigamboni, Fungafunga mjini Morogoro na Kolandoto mkoani Shinyanga, yamewekwa kwa ajili ya wazee wasio na ndugu wa kuwatunza, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitaja familia kuwa ndiyo taasisi ya msingi ya matunzo. Kwa hiyo swali ambalo kila familia hulazimika kulijibu ni nani atakayeifanya kazi hiyo, kwa ujuzi gani, na atapumzika lini.

Fedha ni tatizo, wala sitaki kulipuuza. Hata hivyo, naamini kwamba kinachozielemea familia nyingi zaidi ni uhaba wa saa na wa mikono. Mchango hutumwa kwa simu kwa dakika moja, lakini kumgeuza mzazi saa nane za usiku, kufua shuka lililolowa kabla ya kupambazuka na kumlisha uji kijiko kwa kijiko ni mambo yasiyoweza kutumwa na mtu yeyote kutoka mbali. Kazi hiyo humwangukia mtu mmoja, mara nyingi binti ambaye hajaolewa, mke wa kaka anayeishi kwenye mji wa wazee, au mjukuu aliyemaliza shule na kukosa ajira, na waliobaki hujiona wametimiza wajibu wao kwa sababu mchango umefika. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sijaona mahali ambapo maneno hayo yanaumiza kama ndani ya nyumba yenye mgonjwa wa muda mrefu.

Kikao cha familia kabla mambo hayajaharibika

Msisubiri mzazi alazwe ndipo mkutane. Wakati mzuri wa kikao ni pale mnapoanza kuona dalili ndogo ndogo, kama vile mzazi kuacha kwenda shambani au msikitini, sufuria kuungua jikoni mara kwa mara, dawa za mwezi mzima kukutwa zimebaki, au nguo zake kuanza kumpwaya. Wahudhurie watoto wote, walio mbali waunganishwe kwa simu, na awepo mtu mzima mmoja anayeheshimiwa, kama shangazi au baba mdogo, ambaye anaweza kumwambia ukweli hata kifungua mimba.

Wa kwanza kusikilizwa awe mzazi mwenyewe. Aulizwe anataka kuishi wapi, angekubali kuogeshwa na nani, anaogopa nini, na ni jambo gani asingependa litendeke bila idhini yake. Familia nyingi hulikosa hili kwa nia njema kabisa: mama anachukuliwa kutoka kijijini, alikokuwa na kuku wake, majirani zake na jumuiya yake ya kanisani, anapelekwa kwenye nyumba yenye uzio jijini, ambako anashinda na televisheni na msaidizi wa kazi hadi watoto watakaporudi usiku. Kuna nyakati ambapo hakuna budi ahamishwe, kwa mfano anapohitaji kusafishwa damu kwa sababu ya figo, huduma ambayo hupatikana katika hospitali kubwa. Pasipokuwa na sababu ya namna hiyo, fikirieni kwanza iwapo fedha mnazotaka kuzitumia kumhamisha haziwezi kumlipa msaidizi huko huko aliko.

Baada ya hapo, andikeni kazi zote za wiki moja kwenye daftari, kila moja na saa zake. Chukua mfano wa mama aliyepooza upande mmoja. Mkijumlisha kumwogesha, kumlisha mara tatu au nne, kumpeleka chooni, kumgeuza mchana na usiku, kufua, kumpa dawa na kumsindikiza kliniki, mtaona kwamba kazi iliyokuwa ikiitwa “kukaa na mama” ni kubwa kuliko ajira ya ofisini, na haina Jumapili. Orodha hiyo ikishasomwa mbele ya wote, mgawanyo unakuwa rahisi kidogo. Anayeishi mkoa wa jirani anaweza kuchukua siku mbili kila mwezi ili dada yake aondoke kabisa nyumbani, na aliye ng’ambo anaweza kumlipa mtu wa zamu za usiku. Asiye na fedha anaweza kuja kufua na kulala hapo mara moja kwa wiki. Anayebaki na mzazi kila siku apewe posho inayotajwa kwa kiasi chake, kwa kuwa ameacha biashara au kibarua chake, na jambo hili lisemwe waziwazi ili lisije likageuka masimango baadaye. Nasisitiza pia kwamba mke wa kaka asikabidhiwe mama mkwe kana kwamba ni sehemu ya mahari. Aulizwe kama wengine wanavyoulizwa, na mume wake awe wa kwanza kushika zamu.

Michango itunzwe na mtu asiyekuwa yule anayemhudumia mzazi, na risiti zipigwe picha na kutumwa kwenye kundi la familia. Utaratibu huu humlinda mhudumu dhidi ya tuhuma za kula fedha za mgonjwa, tuhuma ambazo zimewagawa ndugu wengi kuliko ugonjwa wenyewe. Mambo ya pensheni, namba ya siri ya simu, hati za shamba na wosia yashughulikiwe wakati mzazi bado anaelewa anachotia saini, tena mbele ya mwanasheria au mashahidi wanaokubalika, kwani akili ikishachanganyika, kila karatasi itabishaniwa.

Nyumba isimwangushe

Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, maisha ya nyumba nzima hubadilika kwa siku moja. Tembea wewe mwenyewe usiku, taa zikiwa zimezimwa, kutoka kitandani kwake hadi chooni, uone atakayokutana nayo: mkeka uliokunjamana, waya wa feni, kizingiti, ndoo ya maji, paka aliyelala mlangoni. Ondoa kila kinachoweza kuondolewa, na weka taa ndogo ya sola au ya betri inayowaka usiku kucha. Chumba chake kiwe karibu na choo kadiri iwezekanavyo. Kitanda kiwe cha kimo ambacho akiketi ukingoni nyayo zake zinakanyaga sakafu barabara. Kama ni kirefu mno, fundi seremala anaweza kukata miguu yake kwa muda mfupi.

Choo cha kuchuchumaa humshinda mtu mwenye magoti mabovu. Fundi huyo huyo anaweza kutengeneza kiti cha mbao imara chenye tundu katikati, kinachowekwa juu ya shimo, au kinachotumika chumbani kikiwa na ndoo chini yake nyakati za usiku. Vishikio vya chuma vifungwe ukutani, kimoja kando ya choo na kingine bafuni. Kandambili ziachwe, maana huteleza na huchomoka. Badala yake avae viatu vyepesi vyenye mkanda nyuma ya kisigino. Afundishwe pia kutoinuka ghafla: aketi kwanza, achezeshe miguu, asubiri kidogo, ndipo asimame, kwa kuwa wazee wengi, hasa wanaotumia dawa za presha, hushikwa na kizunguzungu wanapoinuka kwa haraka.

Akianguka, usimkwapue. Mtulize pale pale alipo, mwulize anaumia wapi, na tazama miguu yake. Mguu mmoja ukionekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo wake umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika. Asikandwe wala asisimamishwe, bali abebwe amelala kwenye ubao au kitu kingine kigumu na afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Aliyegonga kichwa huku akitumia dawa za kuzuia damu kuganda naye apelekwe hata kama anasema hajambo.

Kumwinua bila kujivunja mgongo

Wanaohudumia wazazi huumia migongo kwa sababu hakuna aliyewaonyesha namna ya kuinua. Kama mzazi amelazwa, mwombe mtaalamu wa fiziotherapia akufundishe kabla hamjaruhusiwa, na fanya mazoezi mbele yake.

Tuseme unataka kumtoa kitandani na kumketisha kwenye kiti. Weka kiti upande wake wenye nguvu, kikiwa kimegusana na kitanda. Mwambie unachotaka kufanya kabla hujamgusa: “Mama, naomba nikuinue tukae kwenye kiti.” Mkunje magoti, mgeuze alale ubavu akikuelekea, teremsha miguu yake ukingoni, kisha ingiza mkono mmoja chini ya bega la chini na mwingine uuweke kwenye nyonga, umsaidie aketi. Mwache hapo dakika moja au mbili, nyayo zikiwa sakafuni. Mzungushie kiunoni kitenge kilichokunjwa mara kadhaa na ukifunge imara ili upate pa kushika. Simama mbele yake huku miguu yako imeachana na magoti yamekunjwa kidogo, goti lako moja likizuia goti lake dhaifu lisijikunje. Asikuning’inie shingoni, aweke mkono wenye nguvu kwenye kiti au kwenye bega lako. Hesabuni pamoja moja, mbili, tatu. Yeye ainamie mbele, wewe uvute kitenge kwa nguvu ya mapaja, na akishasimama ageuke kwa hatua fupi hadi miguu yake iguse kiti nyuma, ndipo ashuke taratibu. Usimvute kamwe kwa mkono uliopooza, kwa sababu bega lake huteguka kirahisi.

Anapokuwa ameteleza kuelekea mwisho wa kitanda upande wa miguuni, wahitajika watu wawili na shuka lililokunjwa, linalotandazwa chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani. Kila mmoja anashika upande wake, na mnamwinua kidogo mkimsogeza juu kwa pamoja. Ukimburuta peke yako kwa kumshika kwapani, unamchubua ngozi na wewe unaumia.

Ngozi, kuoga na heshima yake

Mtu anayelala au kukaa mahali pamoja kwa saa nyingi hupata vidonda vya mgandamizo, na vidonda hivyo vinaweza kufika hadi kwenye mfupa na kumwua. Asiyeweza kujigeuza mwenyewe ageuzwe takriban kila baada ya saa mbili: ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto. Akiwa ubavuni, weka mto kati ya magoti na mwingine mgongoni. Visigino viinuliwe kwa kuweka mto chini ya mashavu ya miguu ili vibaki hewani. Kila unapomwogesha, kagua mgongo sehemu ya chini karibu na mkia, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko na kisogo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo tafuta mahali palipozidi weusi kuliko pengine, palipo na joto, pagumu au panapouma ukigusa. Ukipaona, mzazi asilalie upande huo tena hadi papone, na usipasugue wala kupaka dawa ya meno, majivu au unga wa vidonge. Kidonda kilichofunguka kinahitaji muuguzi.

Mkojo na kinyesi huharibu ngozi haraka. Pampasi za watu wazima ni ghali zikinunuliwa mwezi baada ya mwezi, na familia nyingi hutumia vitambaa vya pamba vinavyofuliwa, juu ya mpira wa kitandani uliofunikwa kwa shuka. Njia zote mbili zinafaa ilimradi asikae akiwa amelowa. Mpeleke chooni kwa saa maalumu, hasa baada ya chakula na kabla ya kulala, hata kama hajaomba. Kwa wengi hilo peke yake hupunguza kulowa. Baada ya kumsafisha, kausha kwa kugusagusa na upake mafuta ya mgando kidogo.

Kuogesha ndipo heshima hujeruhiwa zaidi. Baba aliyelea watoto kwa ukali mkubwa anajikuta amevuliwa nguo na binti yake, na mama anamficha mwanawe wa kiume kwamba amejisaidia kitandani, akalala hivyo hadi asubuhi. Ndiyo maana swali la nani amwogeshe liulizwe mapema, na jibu lake lifuatwe kadiri inavyowezekana. Kama hakuna wa jinsia yake ndani ya nyumba, heri kumlipa mtu wa nje kwa kazi hiyo moja. Mfunike kwa khanga au shuka na ufunue sehemu unayoiosha tu. Anza na uso kwa maji yasiyo na sabuni, kisha mikono, kifua, miguu, mgongo, na sehemu za siri mwisho kwa kitambaa kingine na maji mengine, ukipangusa kutoka mbele kwenda nyuma. Pima joto la maji kwa kiwiko chako, kwa maana aliyepooza au mwenye kisukari anaweza kuungua bila kuhisi. Usizungumze na watu wengine juu ya mwili wake akiwa anasikia, na usimwogeshe mlango ukiwa wazi watoto wakipita.

Chakula na maji

Mzazi alishwe akiwa ameketi wima, kamwe asilishwe amelala, na abaki wima kwa nusu saa baada ya kula. Kijiko kiwe kidogo, kidevu kiinamishwe kidogo, na asiongezewe kabla hajameza. Anayepaliwa mara kwa mara, anayekohoa kila anapokunywa au ambaye sauti yake inakuwa kama ina maji apelekwe kwa daktari, kwani chakula kinachoingia njia ya hewa huleta nimonia. Uji mzito humezeka vizuri kuliko maji matupu, na unaweza kuongezewa maziwa, yai, parachichi au karanga zilizosagwa laini ili kijiko kimoja kiwe na nguvu ya kutosha. Tazameni na kinywa chake: vidonda, meno yaliyotoboka na meno ya bandia yasiyomkaa huweza kumfanya agome kula.

Kuna kosa moja ambalo ni la kawaida mno, nalo ni kumpunguzia maji ili asikojoe sana. Wazee hawahisi kiu kama vijana, na mwili ukikauka hupata choo kigumu, maambukizi ya njia ya mkojo na kuchanganyikiwa. Mpe kidogo kidogo mchana kutwa, upunguze jioni tu. Mkojo wa rangi ya chai ni ishara kwamba hajanywa vya kutosha. Wenye ugonjwa wa moyo au wa figo wafuate kiasi walichopangiwa na daktari.

Dawa

Mtu mmoja awe na dhamana ya dawa kwa kila zamu, na kuwe na daftari moja tu linaloonyesha jina la dawa, kipimo, saa na saini ya aliyempa. Bila daftari, dada humpa dawa ya presha asubuhi, na kaka aliyeingia zamu saa nne anampa tena. Daftari hilo pamoja na dawa zote zilizomo nyumbani, zikiwemo za mitishamba, viende kliniki pamoja na mzazi, ili daktari aone kila kinachoingia mwilini.

Nataka kusema kwa uwazi kuhusu dawa za maumivu zinazonunuliwa dukani. Diklofenaki na ibuprofeni hupewa wazee kila siku kwa sababu ya magoti na mgongo, ilhali dawa hizo zinaweza kupandisha presha, kuharibu figo na kutoboa tumbo hadi mtu akatapika damu au kupata choo cheusi kama lami. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamo kwa kipimo sahihi ni salama zaidi. Anayehitaji kitu chenye nguvu kuliko hapo aandikiwe na daktari anayejua presha na figo zake zikoje.

Mzazi mwenye kisukari asipewe sindano au vidonge vyake kisha akakosa chakula. Akianza kutokwa jasho jingi, kutetemeka, kuzungumza ovyo au kulegea, huenda sukari imeshuka. Kama yuko macho na anameza, mpe mara moja maji yenye sukari au soda ya kawaida, na baada ya hapo chakula. Kama hawezi kumeza, usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Kabla ya Ramadhani, mzazi Mwislamu mwenye kisukari azungumze na daktari wake kuhusu swaumu, na ikiwezekana imamu wake ahusishwe, kwa sababu mzee aliyefunga maisha yake yote huhisi amevunjiwa imani yake anapokatazwa na watoto.

Akili inapobadilika

Hapa ndipo familia nyingi hupotea njia. Mama anauliza swali lile lile mara kumi, anasema amenyimwa chakula ilhali ametoka kula, anamtuhumu msaidizi wa kazi kuwa ameiba khanga zake, anatoka usiku akisema anakwenda kwa wazazi wake waliokufa zamani. Wengine huona ni ukorofi wa uzee. Wengine, kwa huzuni kubwa, huona ni uchawi, na katika mikoa ya Kanda ya Ziwa imani hiyo imegharimu maisha ya vikongwe wengi, ambao macho yao mekundu yalichukuliwa kuwa ushahidi wakati yalitokana na miaka mingi ya kupikia kwa kuni na samadi kavu. Kupotea kwa kumbukumbu kunakoongezeka taratibu kwa miezi na miaka ni ugonjwa wa ubongo, na anayelisema hili kwa majirani mapema anamlinda mzazi wake. Mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, mchungaji, imamu na watu wa jirani waelezwe kwamba mama ana ugonjwa huo, wakimkuta njiani wamrudishe, na namba ya simu ya nyumbani ishonwe kwenye nguo yake.

Kubishana naye hakusaidii. Akisema khanga imeibwa, itafuteni pamoja, kisha mwelekeze kwenye jambo jingine analolipenda. Ratiba ya siku isibadilikebadilike. Chumba kiwe na mwanga wa kutosha jioni, maana wengi huhangaika zaidi jua linapozama. Na apewe kazi nyepesi anazozifahamu, kama kuchambua mchele au kukunja nguo, hata kama utazirudia baadaye. Wajukuu wamwamkie kama kawaida. Kusahau majina yao hakumwondolei shikamoo yake.

Kuchanganyikiwa kunakotokea ghafla, kwa saa au siku chache, ni jambo tofauti kabisa. Mara nyingi chanzo chake ni malaria, nimonia, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka au dawa mpya, na mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa yoyote. Hili ni la hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mdomo ukipinda, mkono mmoja ukilegea au maneno yakikorogeka ghafla, hicho ni kiharusi, na kila saa inayopotea kwa kusubiri ndugu wafike au kutafuta mtu wa kumwombea huongeza sehemu ya ubongo inayokufa. Maombi yafanyike njiani.

Hospitali na haki zake

Tanzania Bara, mzee aliyefikisha miaka 60 na asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo katika vituo vya umma, na utambuzi huanzia ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji na kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Fuatilieni kitambulisho cha msamaha huo mzazi akiwa mzima, na mkifika kituoni ulizeni dirisha la wazee. Dawa hukosekana wakati mwingine, kwa hiyo mfuko wa familia uwe na akiba ya kununua. Mtoto aliyeajiriwa na mwenye bima ya NHIF aulize kama anaweza kumwandikisha mzazi wake, au wa mwenzi wake, miongoni mwa wategemezi wake. Zanzibar ina Pensheni Jamii tangu mwaka 2016 kwa wakazi waliofikisha miaka 70, na Kenya ina mpango wa Inua Jamii kwa wenye umri huo huo.

Anayehudumia

Mtu anayeamka mara tatu kila usiku kwa miezi mingi huanza kukasirika kwa mambo madogo, kulia bila sababu, kusahau, au kumshika mzazi kwa mikono ya ukali. Hizo ni dalili za uchovu uliokithiri. Akitambua kwamba hasira inampanda, amweke mzazi mahali salama, atoke nje dakika chache, na ampigie ndugu yake simu. Na ndugu anayepigiwa asijibu kwa kumkumbusha radhi za wazazi, bali aseme ni siku gani anakuja. Kila wiki awe na angalau siku moja ambayo si zamu yake, na kila mwaka apate wiki kadhaa za kuwa mbali kabisa. Kliniki yake mwenyewe isiahirishwe kwa sababu ya mgonjwa.

Msaidizi wa kazi aliyeajiriwa kupika na kuangalia watoto asiongezewe mzee asiyejiweza bila kuongezewa ujira, bila mafunzo na bila siku ya mapumziko. Na kama mtu yeyote, awe ndugu au msaidizi, anampiga mzazi, anamfungia ndani, anamnyima chakula au anachukua fedha zake, jambo hilo lipelekwe kwa ofisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia polisi, hata kama ukoo utanuna.

Mwisho unapokaribia

Kuna wakati daktari atasema kwamba hakuna tena tiba ya kuponya. Ulizeni hapo hapo kuhusu tiba shufaa, ambayo hupunguza maumivu, kukosa pumzi na hofu, na ambayo Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam na hospitali ya Selian mkoani Arusha zimeitoa kwa miaka mingi. Mofini ya kunywa, inayotolewa kwa maelekezo ya daktari, haimharakishi mgonjwa kufa ikitumiwa kwa kipimo chake, na hakuna sababu ya mzazi kulia usiku kucha kwa sababu watoto wanaliogopa jina la dawa. Akianza kukataa chakula katika siku za mwisho, asilazimishwe. Lowesheni midomo yake kwa pamba na mpeni kijiko cha maji akikitaka. Walio mbali waitwe mapema ili wamkute akiwa bado anawatambua. Na kwa kuwa siku hizo nyumba hujaa wageni wanaokuja kumwona, mtu mwingine kabisa ateuliwe kuwapokea, kuwapikia na kuwatafutia pa kulala, ili yule aliyemhudumia mzazi muda wote huo asitolewe kitandani pake kwenda kukoroga ugali wa watu thelathini.